Kagua Tanki la Majitaka Kabla Hujafukia

Ukijenga Dar es Salaam, usitarajie kukuta bomba la majitaka la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, likipita mbele ya kiwanja chako. Waulize kwanza, maana likiwepo karibu litakuondolea kazi kubwa, lakini mtandao huo unafika sehemu ndogo tu ya jiji. Wengi wetu maji ya choo, bafu na jiko yanaishia kwenye tanki la septiki lililochimbwa uani, na dhamana ya kila kinachotoka humo ni ya mwenye nyumba.

Anza halmashauri, fundi aje baadaye. Mchoro unaopeleka kuombea kibali cha ujenzi uonyeshe tanki na shimo la kunyonyea maji vitakaa wapi, si vyumba na paa peke yake. Sheria zinazokugusa ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Huna haja ya kuzikariri. Afisa afya wa kata na mhandisi wa halmashauri ndio watakaozitumia kukupima, kwa hiyo wafuate mapema na uwaombe waje kiwanjani. Kama unajenga hosteli au nyumba ya wageni, uliza pia NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, iwapo mradi wako unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira.

Jambo moja likieleweka, masharti mengine yote yanaeleweka. Tanki halimalizi kusafisha maji. Linatuliza tope chini, linazuia mafuta na povu juu, kisha linatoa maji ambayo bado ni machafu. Kanuni za ubora wa maji za 2007 zinataka majitaka yanayomwagwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita kwa kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu uliomo. Maji yanayotoka kwenye tanki la septiki la kawaida huwa na zaidi ya 100. Kwa hiyo bomba linalotoka kwenye tanki kwenda mtaro wa mvua ni kosa, hata kama maji yake yanaonekana meupe. Kazi iliyobaki inafanywa na udongo unaozunguka shimo la kunyonyea, na udongo unahitaji nafasi.

Hapo ndipo viwanja vyetu vinapotubana. Kipimo kinachotumiwa sana ni angalau mita 30 kati ya shimo la kunyonyea na kisima cha maji ya kunywa. Sasa chukua kiwanja cha ishirini kwa ishirini: hata ukipima kona kwa kona unapata mita 28 tu. Maana yake ni kwamba kwenye kiwanja hicho huwezi kuwa na kisima na shimo la kunyonyea na bado ukawa salama. Chagua kimoja. Kisha vuka ukuta ukamuulize jirani kisima chake kiko upande gani, kwa sababu maji ya ardhini hayajui mpaka wa kiwanja. Ukiwa karibu na bahari au mto kama Msimbazi, kumbuka pia katazo la shughuli za kudumu ndani ya mita 60 lililomo kwenye sheria ya 2004.

Udongo wenyewe upime kabla ya kumwaga zege. Chimba kishimo chenye kina cha shimo utakalojenga, kijaze maji na ukiache usiku kucha kilowe. Kesho yake ongeza maji, simika rula, uangalie saa. Maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, udongo huo ni mzito na shimo la kunyonyea litafurika. Yakishuka kiasi hicho ndani ya dakika moja, yanapita upesi mno na hayachujwi. Lifanye hili wakati wa masika ukiweza. Maeneo ya chini kama Jangwani na Msasani, maji ya ardhini hupanda karibu sana na uso wa ardhi, na shimo lililochimbwa Septemba likiwa kavu linaweza kuwa kisima Aprili. Kitako cha shimo kikae angalau mita moja na nusu juu ya maji hayo. Isipowezekana, jenga tanki lisilovuja kabisa na ukubali gharama ya kulinyonya mara kwa mara.

Ukubwa wa tanki usikadiriwe kwa macho. Familia ya watu 8, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, inatoa lita 800, na maji hayo yanahitaji siku nzima ya kutulia. Tope hujikusanya kama lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa hiyo miaka 3 ni lita 960. Ongeza nafasi ya povu linaloelea. Tanki ambalo kwa ndani lina urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 1.2 linatosha familia hiyo bila kubanwa. Ligawe kwa ukuta: theluthi mbili chumba cha kwanza, theluthi moja cha pili. Bomba la kuingilia na la kutokea yote yafungwe tii, yaani kiungo chenye umbo la T, na la kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7. Tii ya kutokea ikikosekana, povu na mafuta huenda moja kwa moja kuziba shimo la kunyonyea.

Fundi akimaliza plasta, usimruhusu afukie. Jaza tanki maji, weka alama ukutani, rudi baada ya saa 24. Maji yakishuka, kuna ufa. Mwite afisa afya aone mabomba yakiwa wazi, upige picha na kipimo cha kamba kutoka kona ya nyumba. Kila chumba kiwe na mfuniko wake unaofunguka, usiozibwa kwa zege wala vigae. Maji ya paa yasiingie humo kabisa.

Baada ya hapo kazi yako ni kunyonya kwa wakati. Tope likifika theluthi moja ya kina, ita gari la majitaka lenye kibali, umuulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Jibu liwe mabwawa ya kusafishia yanayotambulika, kama ya Vingunguti. Tunza risiti. Kutapisha choo wakati wa mvua, yaani kukifungulia kimwagike na maji ya mvua, ni kupeleka kinyesi chako mlangoni kwa watoto wa mtaa wa chini. Jiji lililoshuhudia kipindupindu kikilipuka Agosti 2015 halina udhuru wa kulivumilia hilo.

Wala usimtume kijana aingie ndani kuchota tope, hata tanki likiwa limekauka. Gesi ya haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa kabla haijamwangusha mtu, na anayeruka kumwokoa huanguka naye. Mfuniko ukifunguliwa, watoto wakae mbali, sigara na moto visogezwe, na kazi yote ifanywe kutoka juu kwa bomba la gari la majitaka.