KUSAFIRISHA KUKU NA VIFARANGA HAI: GHARAMA YAKE NA UANGALIFU UPASAO

Kila siku alfajiri, mabasi yatokayo Kakamega, Busia, Kisii na Kitui yafikapo mjini Nairobi, hushushwa mizigo ya namna nyingi: magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, masanduku ya nguo, na katikati ya hayo huwamo matenga ya kuku, na maboksi ya karatasi ngumu yenye matundu ambamo husikika sauti nyembamba za vifaranga. Mingi ya mizigo hiyo huelekea Kawangware na Kibera. Wako wanaotumiwa jogoo mmoja na mama zao kwa ajili ya sikukuu, na wako walionunua vifaranga mia moja kwa fedha za akiba ya mwaka mzima, wapate kuwalea nyuma ya nyumba na kuwauza wakikua. Wote wawili huingia katika hatari moja. Kuku si gunia la mahindi. Mahindi yakichelewa siku mbili hubaki kuwa mahindi.

Watu huuliza kwa nini mizigo ya namna hii haipelekwi kwa posta, kama barua na vifurushi. Umoja wa Posta Ulimwenguni, ulioanzishwa mwaka 1874, una kanuni juu ya jambo hili. Kanuni hizo hukataza kutia wanyama hai katika barua, isipokuwa wachache wanaotajwa kwa majina: nyuki, ruba, viwavi wa hariri, na wadudu wengine wanaotumiwa katika utaalamu. Kwa hiyo ruba anaweza kusafiri kwa barua, lakini kuku hawezi. Vifurushi ni mbali. Huko kila nchi yaweza kuruhusu wanyama kwa sheria yake yenyewe.

Nchi iliyotumia sana ruhusa hiyo ni Marekani. Mwaka 1892 mtotoleshaji mmoja wa jimbo la New Jersey, jina lake Joseph Wilson, alipeleka vifaranga kwa reli mpaka Chicago, nao walifika wazima. Mwaka 1918 posta ya nchi hiyo ilianza kupokea vifaranga wa siku moja, na tangu hapo wakulima wa huko wamezoea kuitwa na karani wa posta asubuhi na mapema waende kuchukua boksi linalolia. Sharti kubwa ni kwamba vifaranga wafike kabla ya saa 72 kupita tangu walipoanguliwa.

Saa hizo 72 hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kifaranga akiwa bado ndani ya yai, siku ya mwisho au mbili kabla ya kuangua, huvuta kiini cha yai kilichobaki na kukiingiza tumboni mwake. Kiini hicho ndicho chakula chake cha njiani. Kwa hicho aweza kuishi siku mbili, hata tatu, bila kula wala kunywa. Mungu alimwekea akiba hiyo ili mama yake aweze kubaki juu ya mayai mengine yasiyoangua bado, bila wa kwanza kufa kwa njaa. Lakini ijulikane kwamba saa 72 ni mpaka wa mwisho, wala si muda wa kustarehe. Kifaranga anayefika katika siku yake ya kwanza hukua vizuri kuliko yule aliyefika siku ya tatu amekauka miguu na kufumba macho. Na kuku aliyekwisha kuanza kula, awe wa wiki mbili au wa mwaka, hana akiba hiyo kabisa.

Posta ya Marekani nayo imepata ajali zake. Mwezi wa Agosti mwaka 2020, vifaranga wasiopungua 4,800 waliopelekwa kwa wakulima wa jimbo la Maine walifika wamekufa. Mwaka 2025 vifaranga wapatao 12,000 walisahauliwa ndani ya lori la posta katika jimbo la Delaware kwa muda wa siku tatu, na 4,000 hivi walikutwa wamekufa. Hawakufa kwa sababu ya mwendo. Walikufa kwa kuwa mzigo ulisimama mahali, pasiwe na mtu aliyeona kwamba ni kazi yake kuutazama. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na mtu wa Kawangware anayengoja basi lake.

Katika Kenya kazi ya posta ya kuku hufanywa na mabasi na matatu. Mfugaji huagiza vifaranga kwa simu, kutoka kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Naivasha au kutoka kwa watotoleshaji wengine, hulipa kwa simu hiyohiyo, kisha huambiwa gari gani litabeba boksi lake na saa ngapi litafika. Ni utaratibu mzuri na rahisi. Walakini bei aliyolipa mfugaji siyo gharama ya vifaranga wake, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu.

Tuchukue mfano. Mama wa Kibera ameagiza vifaranga 100 kwa shilingi 100 kila mmoja, jumla shilingi 10,000. Nauli ya boksi katika basi ni shilingi 400, na bodaboda wa kutoka kituoni mpaka nyumbani ni shilingi 200. Jumla yote ni shilingi 10,600. Akiwapokea wote wazima, kila kifaranga amemgharimu shilingi 106. Wakifa 10, wamebaki 90, na kila aliyebaki sasa ni wa shilingi 118. Tena, boksi likikaa kituoni saa tatu katika upepo wa asubuhi kwa sababu mwenyewe yuko kazini, hawatakufa wote papo hapo. Wengi watazidi kulegea na kufa katika wiki ya kwanza. Wakibaki 75, kila mmoja amekuwa wa shilingi 141, kabla hajala hata punje. Lakini kama mama huyo angemlipa kijana mwaminifu shilingi 100 akalipokee basi saa kumi na moja alfajiri, na wakafa wawili tu, kila kifaranga angekuwa wa shilingi 109. Shilingi mia aliyoiona kuwa ni upotevu ingalimwokolea zaidi ya elfu mbili. Bei hubadilika, na kila mtu yapasa atie bei zake mwenyewe katika hesabu hii; njia ya kuhesabu ndiyo ile ile.

BOKSI NA TENGA

Boksi zuri la vifaranga 100 lina urefu wa sentimita 60 hivi na upana wa sentimita 45, nalo limegawanywa ndani katika vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25. Vyumba hivyo vina maana yake. Kifaranga akiona baridi huwakimbilia wenzake, na wote mia moja wakiwa katika chumba kimoja watarundikana pembeni, na wa chini watakosa pumzi. Chini hutandikwa maranda au majani makavu ili miguu isiteleze, maana kifaranga anayeteleza njia nzima hufika na miguu iliyotanuka asiweze kusimama. Gazeti tupu halifai, huteleza. Wakati wa joto kali ni heri kutia 20 katika kila chumba. Matundu yawe ubavuni na juu, na boksi liwe na vijiti au pembe zilizoinuka, ili mzigo mwingine ukiwekwa juu yake hewa ipate kupita. Juu yake yaandikwe kwa herufi kubwa maneno VIFARANGA HAI, jina la mpokeaji na namba yake ya simu, na saa walipotoka.

Boksi lisipandishwe juu ya paa la basi, wala lisitiwe katika buti karibu na injini. Mabasi ya kutoka Magharibi hupita nyanda za juu za Mau usiku, ambako baridi hupenya hata koti. Kisha hushuka Nakuru na Naivasha. Kifaranga wa siku moja hawezi bado kujitia joto mwenyewe. Mahali pake ni ndani, pamoja na abiria, mbali na dirisha lililo wazi. Kondakta aombwe mapema, naye akitaka nauli ya kiti kimoja, mwenye vifaranga afanye hesabu ile ya juu kabla ya kukataa.

Kuku wakubwa husafiri vingine. Mazoea ya kuwafunga miguu na kuwaning'iniza vichwa chini kwenye usukani wa pikipiki, kutoka kituoni mpaka Kawangware, ni mabaya. Kuku hana kiwambo kinachotenga mapafu na tumbo kama alivyo nacho mtu. Akining'inizwa, matumbo yake huyagandamiza mapafu na mifuko ya hewa, naye hupumua kwa shida. Wengine hufika na mapaja yaliyovunjika au nyama yenye damu iliyovilia, na mnunuzi mjuzi huikataa. Tena katika Kenya iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na anayemtesa mnyama katika kumsafirisha aweza kushitakiwa.

Tenga ndilo linalofaa, nalo lisijazwe. Watu wa Ulaya, kwa sheria yao ya mwaka 2005, hupima sentimita za mraba 160 kwa kila kilo ya kuku mwenye uzito kati ya kilo moja na sita ya kumi, na kilo tatu. Kwa kipimo hicho, kizimba chenye urefu wa sentimita 80 na upana wa 55 chatosha kuku 13 wa kilo mbili. Katika joto, kumi. Kuku wanyimwe chakula saa chache kabla ya safari wasichafuane, lakini maji wapewe mpaka wakati wa kuondoka.

UGONJWA HUPANDA BASI PIA

Hasara ya vifo vya njiani humwangukia mwenye mzigo peke yake. Hasara ya ugonjwa huwaangukia majirani. Kideri, ambao hutapakaa upesi mno, hukaa katika mwili wa kuku siku 2 hata 15 kabla ya kuonekana. Kuku aliyetoka kijijini akiwa mchangamfu aweza kuzubaa siku ya tano akiwa Kibera, ambako nyumba zimeshikana na kuku wa watu watano hudonoa katika uchochoro mmoja. Mwezi wa Januari mwaka 2017, homa ya mafua ya ndege ilipoonekana Uganda, serikali ya Kenya ilikataza mara moja kuku na mayai kutoka huko, kwa kujua namna mizigo hii inavyosafiri upesi.

Basi kuku wageni watengwe wiki mbili, mbali na wa zamani, wapewe chakula na maji kwa vyombo vyao, na anayewahudumia aanze kwa wenyeji, amalizie kwa wageni. Chanjo ya kideri hutiwa tone moja jichoni. Iko namna iitwayo I-2, ambayo haiharibiki upesi kwa joto kama zile nyingine, nayo hutengenezwa nchini Kenya. Apasaye kuulizwa juu ya chanjo, na juu ya kibali cha kuhamisha kuku, ni afisa wa mifugo wa mahali watokapo. Nairobi nayo ina sheria ya kaunti ya mwaka 2015 juu ya ukulima wa mjini, inayoruhusu ufugaji kwa masharti, na aliyepanga chumba afanye vema kuelewana na mwenye nyumba kabla boksi halijafika.

WAKISHAFIKA

Chumba cha kulea kiwe tayari na joto kabla basi halijaingia, si baada yake. Wiki ya kwanza vifaranga huhitaji joto la kati ya digrii 32 na 35, kisha hupunguzwa kidogo kila wiki. Hakuna haja ya kipimo cha bei kubwa: wakirundikana wanaona baridi, wakitawanyika kandokando na kutweta wanaona joto, wakienea pote na kula wameridhika.

Wengi wa Kibera na Kawangware hutumia jiko la makaa. Hapa lazima neno lisemwe waziwazi. Makaa yakiwaka katika chumba cha mabati kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo haibagui kifaranga na mtoto aliyelala kando yake. Jiko lisiachwe usiku katika chumba wanamolala watu, na chumba cha vifaranga kiwe na tundu la hewa juu. Liko pia sanduku la kulelea bila moto, lililozungushiwa majani makavu, ambamo vifaranga hutiana joto wao kwa wao. Kwa vifaranga wachache hilo hutosha, na mkaa hununuliwa kidogo.

Wakitolewa bokseni wahesabiwe mmoja mmoja, mbele ya aliyewaleta ikiwezekana, maana muuzaji hasikilizi dai la kesho yake. Kila mmoja achovywe mdomo katika maji ya vuguvugu yaliyotiwa glukosi kidogo, ili ajue maji yalipo. Chombo kiwe kifupi, chenye kokoto ndani, wasizame. Chakula hufuata baada ya saa moja au mbili, wakisha kunywa.

Boksi la karatasi lichomwe siku ile ile. Tenga la mwenyewe lioshwe kwa sabuni, lianikwe juani siku nzima, ndipo lirudishwe kwa basi la jioni kwa yule wa nyumbani aliyelituma.