SOMO LA NENO: KUKOMBOA

Leo tunajifunza neno moja tu: KUKOMBOA.

Tuseme mkulima ana shamba la mikorosho. Mtoto wake anaugua. Mkulima anakopa fedha kwa jirani, na shamba analiweka rehani. Baada ya mavuno analipa deni, shamba linarudi. Hapo tunasema amelikomboa shamba lake.

Basi, kukomboa ni kulipa ili kilicho chako kirudi. Wengine hutamka kugomboa. Bandarini Dar es Salaam, mtu hugomboa mzigo wake kwa kulipa ushuru.

Watu wa mbali nao walifikiri hivyo hivyo. Warumi wa kale walisema redimere, yaani kununua tena. Ndiko Waingereza walikopata neno lao redemption.

Hata binadamu amewahi kukombolewa kwa fedha. Kuanzia mwaka 1868, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu huko Bagamoyo walinunua watumwa, wengi wao watoto, wakawapa makao misheni. Malipo ya kumtoa mtu kifungoni huitwa fidia, neno lililotoka Kiarabu.

Baadaye neno likakua. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam. Iliwasaidia wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini. Ilimaliza kazi mwaka 1994. Safari hii malipo hayakuwa fedha tu. Watu walitoa damu yao.

Kumbe ukombozi haukosi malipo!

Sasa turudi shambani. Kuweka rehani si kuuza. Lakini wako waliotia dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma. Walidhani wameweka rehani, kumbe karatasi inasema "nimeuza". Shamba la namna hiyo ni taabu kulikomboa. Wewe sasa unajua kusoma. Kabla ya kutia sahihi, hakikisha karatasi inaonyesha:

1. Neno "rehani".
2. Kiasi cha deni.
3. Mipaka ya shamba.
4. Tarehe ya kulipa.
5. Majina na sahihi za mashahidi.

Nakala moja ibaki kwako. Ukilipa, dai stakabadhi.

ZOEZI
1. Rehani na kuuza vina tofauti gani?
2. Tunga sentensi mbili zenye neno "kukomboa".
3. Jadilini kikundini: Je, kijijini kwetu mikopo huandikwa?