SOMO LA VIKUNDI: Mashine ya Kukata Nyasi ya Kukalia – Tupime Mteremko Kabla ya Kutoa Pesa



Kazi ya kukata nyasi imekuwa biashara ya kweli katika upande wetu wa ziwa. Shule, zahanati, makanisa na nyumba za wageni zina viwanja vikubwa, na wenyewe hawana nafasi ya kuvifyeka. Tena tangu mwaka 2013, serikali ilipoanza kutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, vikundi vingi vilivyosajiliwa vimeomba kazi hiyo ya usafi wa viwanja. Ndipo linapokuja swali ambalo tumeulizwa mara nyingi tukitembelea vikundi: "Je, tukusanye pesa zetu tununue ile mashine ya kukalia, ile inayofanana na trekta ndogo?"

Swali ni zuri. Jibu halimo katika duka, limo katika ardhi mtakayoikata. Katika somo hili tutatazama yaliyowapata watu waliokwisha kuwa na mashine hizi, halafu tutajifunza namna ya kupima mteremko kwa fimbo na chupa ya maji.

Kwanza tuipe mashine haki yake. Chukua kiwanja cha mpira cha mita 100 kwa 70. Ukikikata kwa mashine ya kusukuma yenye upana wa nusu mita, utakwenda mistari 140 ya mita 100, yaani kilometa 14 kwa miguu huku unasukuma chuma juani. Mashine ya kukalia yenye upana wa mita moja itakwenda nusu ya safari hiyo, na mwendeshaji ameketi. Ikienda kilometa 5 kwa saa, pamoja na kugeuza huku na huku, kazi inaisha kwa muda wa saa mbili hivi. Watu wa slasha watajua wenyewe ingewachukua siku ngapi. Shule moja ya upande wa Kano iliyonunua mashine ya namna hii haijajuta. Ardhi ni tambarare kama meza, uwanja ni mpana, mawe hakuna, na mwendeshaji ni mmoja tu, mzee mtulivu ambaye hampi mtu mwingine ufunguo. Shida yao ni moja. Mvua kubwa ya Machi hadi Mei ikinyesha, ule udongo mweusi unanata, magurudumu yanazama na kuchimba mitaro, nao wanalazimika kungoja siku kadhaa pakauke, wakati nyasi zenyewe ndizo zinakua kwa fujo.

Sasa tupande mlimani. Riat, Kajulu, Maseno, Nyabondo: huko kiwanja kilicho tambarare ni bahati. Kikundi kimoja cha vijana kilipata kazi katika kiwanja cha mlimani, wakaazima mashine ya kukalia, wakaanza kukata kwa kukingama na mteremko, kama mtu anavyolima kufuata kontua. Gurudumu la upande wa juu likapanda kichuguu kilichofichwa na nyasi, mashine ikalala ubavu. Kijana aliruka akaanguka mbali nayo, akaumia bega tu. Wenzake walisema ilikuwa kufumba na kufumbua. Mashine hizi zina uzito wa kilo 150, nyingine 200 na zaidi, na chini yake kuna visu vinavyozunguka. Ikikulalia, hakuna cha kuomba radhi.

Kwa hiyo shikeni jambo hili, maana watu wengi wanalikosea. Mashine ya kukalia hupandishwa na kuteremshwa mteremko moja kwa moja, haikingamishwi. Mashine ya kusukuma kwa mikono ni kinyume chake: hiyo hukingamishwa, kwa sababu ukiisukuma kupanda inaweza kukurudia miguuni, na ukiteremka nayo unaweza kuteleza ukaifuata. Sababu ni mbili, na kila moja ina mashine yake. Mkipokezana mashine kikundini, yule aliyezoea ya kusukuma atakwenda na mazoea yake kwenye ya kukalia, na hapo ndipo ajali inapozaliwa.

Hata kupanda na kushuka moja kwa moja kuna mpaka wake. Vitabu vingi vya watengenezaji husema mashine ya kukalia isipelekwe mahali penye mteremko unaozidi nyuzi 15. Nyuzi 15 ni kiasi gani? Hapa ndipo fimbo inapoingia. Waliochimba matuta ya fanya juu watacheka, maana kazi hii wanaijua.

Kateni fimbo iliyonyooka ya mita moja kamili. Wekeni ncha moja ardhini, upande wa juu wa mteremko, na ncha ya pili ielekee bondeni. Inueni ile ncha ya bondeni mpaka fimbo ilale sawasawa. Mkiwa na pimamaji ya mwashi, itumieni. Kama hamna, lazeni juu ya fimbo chupa iliyonyooka ubavu, iliyojaa maji isipokuwa kipovu kidogo. Kipovu kikitulia katikati, fimbo imelala sawa. Kisha mwenzenu apime kwa rula kutoka ncha ile iliyo hewani, kushuka wima hadi ardhini. Mkipata sentimita 27, huo ndio mteremko wa nyuzi 15. Ikizidi hapo, mashine ya kukalia isipande. Ikiwa 20 au pungufu, na nyasi ni kavu, mnaweza kufanya kazi kwa uangalifu. Kati ya 20 na 27 sisi tungewashauri mtumie kitu kingine, maana mlima hauna mteremko mmoja, na kitabu cha mashine yenu kinaweza kutaja mpaka mdogo zaidi. Pimeni mahali pengi, hasa karibu na mitaro na kingo. Na nyasi zenye umande au mvua hufuta hesabu yote hiyo: magurudumu huteleza hata mahali ambapo fimbo imekubali.

Kuna sababu ya pili ya mpaka huo ambayo mafundi wetu wanaijua kuliko wauzaji. Injini ya mashine ya kukalia ina oili iliyokaa chini kama ya gari. Mashine ikiinama sana na kwa muda mrefu, oili hukimbilia upande mmoja na vyuma vya ndani hufanya kazi vikiwa vikavu. Injini inakufa polepole, na kikundi kinalaumu fundi. Ile mashine ndogo ya kubeba begani, ambayo kwa kawaida oili yake huchanganywa na petroli, haina shida hiyo hata ukiinamisha namna gani. Ndiyo maana tunaipenda kwa milima yetu. Inakata kwenye mawe ya Seme, pembeni mwa mitaro, kuzunguka miti, na tena inapanda boda boda. Ya kukalia inataka pikapu kila inapohama, na hiyo ni gharama ambayo vikundi husahau kuandika.

Tukizungumzia gharama, tufanye hesabu kidogo. Tuseme mashine imenunuliwa kwa shilingi 300,000 na mnategemea itafanya kazi saa 1,000 kabla ya kuchoka. Basi kila saa inayonguruma, imekula shilingi 300 za mashine yenyewe, kabla ya tone la petroli. Uwanja wa saa mbili ni shilingi 600 za kuweka kando katika akaunti, si za kugawana. Juu yake wekeni petroli kwa bei ya mwezi huo (EPRA hutangaza kila tarehe 14), oili ambayo kwa mashine nyingi hubadilishwa baada ya saa 50 hivi, chujio la hewa ambalo kwa vumbi la Januari na Februari huziba upesi, usafiri, na mshahara wa mwendeshaji. Kinachobaki baada ya hapo ndicho faida. Tumeona kikundi cha akina mama kikigawana kila shilingi kwa miezi minane kwa furaha, halafu mkanda wa visu ukakatika na hakukuwa na hata senti ya kununua mwingine. Mashine ikalala kwenye ghala hadi kuku wakaanza kutagia kitini.

Huo mkanda nao una somo lake. Mafundi wa jua kali wa Kibuye ni hodari: watanoa kisu, watachomelea kifuniko, watatengeneza kebo ya klachi. Lakini mkanda lazima uwe wa urefu na umbo lake, na mashine nyingi zinazoletwa zikiwa zimetumika Ulaya hazina spea hapa. Kabla ya kulipa, mtumeni mmoja wenu atafute mkanda na visu vya mashine hiyo hiyo madukani. Akirudi mikono mitupu, msinunue, hata bei iwe tamu namna gani. Kuhusu visu: kikishapinda au kupata ufa, kisichomelewe wala kunyooshwa, kitupwe. Ncha ya kisu huweza kupita mwendo wa kilometa 250 kwa saa, na kipande kikiruka hakichagui mtu. Baada ya kunoa, kitundikeni kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukilalia chini, bado ni mzito, upigwe tupa mpaka vilingane. Na kabla ya mkono kwenda karibu na kisu, waya wa plagi utolewe. Hilo halina mjadala.

Chini ya kiti kuna swichi inayozima injini mwendeshaji akiinuka. Wengine huifunga kwa waya ati inasumbua. Kikundi kinachofunga swichi hiyo kinaandaa mazishi. Vivyo hivyo mtoto asipakatwe kwenye mashine, hata akilia. Katika shule, fanyeni kazi Jumamosi au watoto wakiwa wameondoka. Na kabla ya kuwasha, tembeeni kiwanja chote mkiokota mawe, chupa, waya, na plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017 lakini vipande vyake bado vimo ardhini, vinajisokota kwenye mhimili wa visu.

Sasa mlimani tufanye nini? Kwanza, si lazima kila mteremko unyolewe. Nyasi zikikatwa fupi sana mlimani, mvua kubwa inachukua udongo, na mwakani mwenye shule anachimba korongo badala ya uwanja. Mweleze hivyo, na mpatane: sehemu tambarare ikatwe fupi, mteremko uachwe na kimo cha sentimita 7 au 8, ukatwe kwa slasha au mashine ya begani mara chache zaidi. Kingo kali kabisa zinaweza kupandwa mabingobingo, na wenye ng'ombe wa zizini watayakata wenyewe kwa furaha. Nyasi zilizosagwa na mashine, hizo ni bora zaidi zikiwa matandazo ya migomba. Zikirundikwa hupata joto na kuchacha, hazifai kuwekewa ng'ombe kesho yake.

Jambo la mwisho ni mkataba. Msikope pesa za mashine kwa kutegemea zabuni moja. Malipo ya ofisi za umma yanaweza kukawia miezi mingi, na mkopo haungoji. Kikundi kimoja kilianza na mashine mbili za begani na slasha sita, kikakata kwa watu binafsi wanaolipa siku hiyo hiyo, na kikaweka akiba msimu mzima wa mvua. Mpaka leo hakijanunua ya kukalia. Mwenyekiti wao alituambia kwamba viwanja vyote walivyo navyo ni vya Kajulu, basi wataipeleka wapi?

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

Viwanja tunavyokata, au tunavyotumaini kupata, ni vingapi vilivyo tambarare? Nendeni na fimbo na chupa, mpime vitatu kabla ya mkutano ujao, na katibu aandike sentimita za kila mahali.

Nani atakuwa mwendeshaji, na nani atashika ufunguo? Je, katiba yetu inasema nini mwanachama akiumia kazini?

Tukitoa petroli, oili, usafiri, mshahara na shilingi za uchakavu, uwanja mmoja unatuachia ngapi? Na Januari, nyasi zikikauka, mashine itakula nini?