Pikipiki ya zamani inayozimika njiani

Swali: Honda CG125 yangu ya zamani huwaka vizuri, lakini baada ya kilomita chache hukosa nguvu na kuzimika. Nikisubiri kidogo, inawaka tena. Fundi anataka kubadilisha kabureta. Nikubali?

Jibu: Usikubali bado. Jeti iliyoziba kwa kawaida ingekusumbua tangu unapoondoka, wala haizibuki kwa kupumzishwa. Pikipiki inayopona kwa kusubiri huashiria bakuli la kabureta linaishiwa petroli haraka kuliko linavyojazwa. CG125 haina pampu: petroli hushuka kwa uzito wake, na haishuki sawasawa hewa isipoingia tangini. Ikizimika, fungua kifuniko cha tangi papo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa na injini ikawaka mara moja, zibua kitundu cha kifuniko. Isipowaka, funga koki, chomoa mpira wa mafuta, kinga chupa mbali na ekzosi ya moto, ufungue koki. Matone machache maana yake chujio la koki limeziba, mara nyingi kwa kutu ya tangi. Fundi anaweza kudai kwamba koili ikipata moto huzima injini vivyo hivyo, na hoja hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana safari nyingine, inapozimika tu, funga koki na ulegeze skrubu ya kumwagia chini ya bakuli: likiwa limejaa, tafuta kwenye umeme. Likiwa tupu ilhali mpira unatiririsha vizuri, sindano ya boya imekwama, nayo husafishwa au hubadilishwa peke yake.