Mchambuzi wa Usalama: Ya Kufanya na ya Kuacha

Asubuhi ya Agosti 7, 1998, lori lililosheheni vilipuzi lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani, Mtaa wa Laibon, Oysterbay, Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Watu 11 walikufa. Anayetaka kazi ya kubashiri hatari aanzie hapo.

USIPIME hatari kwa utulivu wa jana. Wamarekani waliiweka Dar kwenye daraja la hatari ndogo. Huku Ilala, waliokula njama walishapanga nyumba na walikuwa wanasaga TNT humo. Uliza kwanza: nani anataka, ana nini, na nani kamzuia?

USIMTUPE mtoa taarifa kwa kuwa ananuka uongo. Novemba 1997 Mmisri mmoja aliingia ubalozi wa Marekani Nairobi, akaeleza mpango wa kulipua jengo kwa lori. Walimtilia shaka, mwisho akafukuzwa nchini. Mtu mpe alama zake. Maneno yake yakague peke yake.

USIJIPONGEZE kwa bahati. Laibon, boza la maji lilikuwa kati ya lori na jengo, likameza sehemu ya mlipuko. Nairobi, ambako ubalozi ulilipuliwa asubuhi ileile, walikufa zaidi ya 200. Kwenye faili andika "boza". Usiandike "ulinzi imara".

ANDIKA asilimia na tarehe ya mwisho. "Huenda" na "si ajabu" ni vichaka vya kujifichia. Mwaka 1951 Sherman Kent wa CIA aliwauliza wenzake walimaanisha uwezekano kiasi gani waliposema Yugoslavia inaweza kuvamiwa. Majibu yalitoka 20 hadi 80 kwa 100, na wote walishaukubali waraka uleule!

PIGA hesabu ya makosa yako kila robo mwaka. Kanuni ni ya Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa, ya mwaka 1950. Umesema asilimia 70, jambo likatokea: tofauti ni 0.3, izidishe kwa yenyewe, unabeba 0.09. Lisipotokea unabeba 0.49. Kadiri namba inavyopungua ndivyo unavyoijua kazi. Anayejibu 50 kila siku hubeba 0.25 maisha yake yote, na mshahara anapokea.

USIFUTE wala kurekebisha ubashiri wa zamani. Hata herufi.

USIITISHE kikao cha kusaka mchawi. Tume ya Admirali William Crowe, iliyochunguza milipuko hiyo na kutoa ripoti Januari 1999, haikumkuta mtumishi yeyote aliyekiuka wajibu wake. Ilikuta mfumo mzima umelegea. Kwa hiyo kikao cha kutathmini makosa kisifungwe kabla ya kuandika utaratibu upi unabadilika, nani anausimamia, na kuanzia lini.