Kuchagua Mahali pa Kuvulia kwa Ndoana Kando ya Ziwa Rukwa

Kiangazi, barabara zinapokauka, ndicho kipindi kinachowafaa wakazi wa Tunduma, Mbozi na Momba kuteremka hadi Ziwa Rukwa kuvua kwa ndoana. Somo hili linaeleza namna ya kutambua mahali penye samaki na pasipohatarisha maisha ya mvuvi.

Kwanza, ifahamike kuwa ukingo wa Rukwa huhama. Ziwa hili hupokea maji ya mito kama Songwe na Momba, lakini halina mto unaotoka. Maji yake hupungua kwa kugeuka mvuke. Kwa kuwa kina chake ni kifupi, maji yakipanda au kushuka kidogo tu, ukingo husogea mbali. Mahali palipokuwa na samaki mwaka jana huenda leo ni nchi kavu. Kwa sababu hiyo, mgeni asitegemee kumbukumbu, bali awaulize wavuvi wa mwalo ulio karibu.

Pili, zipo alama za kusoma. Mnandi na mwari wanaozamisha midomo karibu na ukingo huonyesha kuwa samaki wadogo wapo. Upepo nao husukuma chakula cha samaki kuelekea upande unakovumia. Hivyo ukingo unaopigwa na mawimbi madogo hufaa kuliko ule uliotulia kabisa. Perege hujilisha kando ya matete, ilhali kambale hupenda tope na midomo ya mito. Mashimo ya mviringo yanayoonekana chini ya maji mafupi ni viota vya perege. Hayo ni mazalia, na mvuvi mwema huyapita.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote: mahali panapovuta samaki huvuta pia mamba. Mdomo wa mto, matete mazito na maji ya tope ndiyo maficho yake. Mvuvi achague ukingo ulio wazi na ulioinuka, asimame hatua kadhaa nyuma ya maji, wala asiingie majini hata kama ndoana imenasa, akate mshipi. Asirudie kusimama mahali pale pale kila siku, kwa maana mamba hujifunza mazoea ya mawindo yake. Samaki wasafishiwe mbali na maji, na watoto wasiachwe peke yao.

Ni kweli kwamba kambale hula zaidi giza linapoingia. Lakini saa hizo ndizo kiboko hutoka majini kwenda malishoni, na mtu anayemzibia njia ya kurudi majini yumo hatarini. Heri kuvua asubuhi, jua likiwa limekwisha kutoka, na kuondoka kabla ya magharibi, hata kama kapu halijajaa.

Mwisho, uvuvi nchini huongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Kutumia sumu au baruti ni kosa. Kabla ya kutupa mshipi, mkazi amwone ofisa uvuvi au viongozi wa kikundi cha usimamizi wa mwalo, aulize kibali anachotakiwa kuwa nacho na sehemu zilizofungwa. Hao hao ndio watakaomwonyesha mahali mamba alipoonekana juma hilo.