Ugonjwa Sugu wa Kongosho na Matibabu Yake

Huenda umemwona mtu wa namna hii. Akila, tumbo linamwuma juu ya kitovu. Maumivu yanapenya hadi mgongoni. Anainama mbele ili apate nafuu. Amekonda. Choo chake kina mafuta na kinanuka sana. Watu wanasema ana vidonda vya tumbo. Wengine wanasema amerogwa. Pengine si hivyo. Pengine kongosho lake linaumwa.

Kongosho ni nini?

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa maji yenye vimeng'enya, yaani vitu vinavyosaga chakula. Tena hutoa insulini, inayotawala sukari mwilini. Likiharibika, mtu anakula lakini chakula hakimjengi. Baadaye anaweza kupata kisukari.

Pombe nyingi kwa miaka mingi ni sababu kubwa. Iwe komoni, iwe ulanzi, iwe gongo, kongosho halichagui. Tumbaku nayo, ambayo wengi wetu Songea tunailima, huliharibu ikivutwa. Lakini usimcheke mgonjwa ukamwita mlevi. Wapo wanaougua bila kuonja pombe. Mwaka 1960 daktari Shaper, aliyefanya kazi Uganda, aliandika juu ya ugonjwa huu na upungufu wa vyakula vya kujenga mwili. Muhogo nao uliwahi kushukiwa, lakini haikuthibitika.

Matibabu

Kongosho lililokwisha kuharibika halirudi kuwa zima. Tunalisema wazi kwa sababu wapo wanaouza dawa za chupa wakiahidi kuliponya. Usiuze mbuzi wako kwa ahadi hiyo. Hata hivyo, maumivu hupunguzwa, na mgonjwa anaweza kunenepa tena na kushika jembe.

Kwanza, aache pombe kabisa, na sigara pia. Kupunguza hakutoshi. Mtu aliyezoea kunywa kila siku amwone mganga wa zahanati kabla ya kuacha, maana kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege.

Kwa maumivu, daktari huanza na parasetamoli. Ikishindwa, hutoa dawa kali zaidi. Usijinunulie dawa hizo kali dukani.

Chakula kiwe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Mgonjwa ale maharage, mayai, dagaa na samaki. Wengine humkataza mafuta yote, naye anazidi kukonda. Ale mafuta kiasi anachoweza kuvumilia.

Vipo vidonge vyenye vimeng'enya. Humezwa pamoja na chakula, tangu tonge la kwanza. Akivimeza saa nyingi baada ya kula, havina kazi. Ni ghali, na hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Ambaye dini yake inakataza amwambie daktari mapema, wazungumze.

Aliyepata kisukari huenda akahitaji sindano za insulini. Hapa pana hatari. Mgonjwa wa kongosho sukari yake hushuka upesi. Akijichoma sindano kisha asile, anaweza kuzimia, hata kufa. Akitetemeka na kutoka jasho, apewe mara moja maji yenye sukari, kama bado anaweza kumeza.

Ikiwa mirija ya kongosho imezibwa na vijiwe, madaktari wa hospitali kubwa za rufaa huweza kuviondoa, au kupasua na kuunganisha mrija na utumbo ili maji yapite. Si kila mgonjwa anafaa kupasuliwa.

Uende wapi?

Anza zahanati au kituo cha afya. Eleza maumivu yalianza lini, unakunywa kiasi gani, na choo chako kikoje. Usione haya. Omba upimwe sukari. Ukiandikiwa barua, nenda Hospitali ya Peramiho au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Songea, ukachunguzwe zaidi.

Lakini ukitapika mfululizo huku maumivu ni makali, au macho yakiwa ya manjano, usingoje kesho. Nenda siku hiyohiyo.